Sampuli Mia Tatu Zinapokuwa Pungufu ya Mia Tatu

Mapendekezo mengi ya utafiti wa uzamili na uzamivu ninayoletewa niyapitie kama mtakwimu hueleza kwa kirefu programu itakayochambua data, lakini hayasemi kitu gani hasa kitahesabiwa kuwa jaribio moja, na hapo ndipo tasnifu nyingi huharibika kabla hata data haijakusanywa.

Tumchukue mwanafunzi wa uhandisi anayechunguza iwapo majivu yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji. Kwa kila kiwango cha majivu anachanganya zege mara moja, anamimina michemraba sita ya milimita 150, anaihifadhi majini kwa siku 28, kisha anaivunja kwa mashine. Namba sita anazo, ila zote zimetoka katika mchanganyiko mmoja, na kama maji yalizidi kidogo siku ile, yalizidi kwa michemraba yote sita. Angechanganya mara tatu, kwa siku tofauti, na kutoa michemraba miwili kila mara, angetumia takriban saruji ileile, na kilichoongezeka kingekuwa kazi ya kuosha mashine tu (kazi ambayo, nakiri, haipendwi na mtu). Samaki ishirini wa tangi moja nao wana kasoro hiyohiyo: pampu ikizimika, imezimika kwa wote.

Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alichapisha mapitio ya tafiti 176 za majaribio katika fani yake, akaonyesha kuwa asilimia 27 zilikuwa na marudio bandia ya namna hii, yaani vipimo vingi vya kitu kimoja kuhesabiwa kana kwamba ni majaribio mengi. Miongoni mwa zilizotumia majaribio ya kitakwimu kufikia hitimisho, kiwango kilifika asilimia 48. Hao walikuwa watafiti waliokwisha kuchapisha, sembuse mwanafunzi anayeanza.

Katika afya, hasara hiyo hukokotoleka. Tuseme wagonjwa 300 wanatoka katika vituo 10, thelathini kila kituo, na uwiano wa kufanana kwa wagonjwa wa kituo kimoja (sifuri ikiwa hawafanani kuliko wagonjwa wa vituo tofauti, moja ikiwa wanafanana kabisa) ni 0.05, kiasi kinachoonekana kidogo mno. Toa moja katika thelathini, zidisha kwa 0.05, ongeza moja, unapata 2.45, gawanya 300 kwa namba hiyo, na taarifa uliyonayo ni sawa na ya wagonjwa wapatao 122 waliochaguliwa mmojammoja. Kuongeza wagonjwa katika vituo vilevile husaidia kidogo sana, kwa hiyo ni afadhali kuongeza vituo, na uamuzi huo ufanyike kabla ya maombi kupelekwa kwenye kamati ya maadili, kwani kubadili mpango uliokwisha kuidhinishwa hudai idhini nyingine.

Wapo wanaonijia data ikiwa tayari mkononi, wakitumaini modeli changamano itawaokoa. Modeli hutenganisha tofauti za vituo pale vituo vinapokuwa vingi, lakini haiwezi kuzalisha mchanganyiko wa zege ambao haukuchanganywa; mwanafunzi huyo namshauri aandike wazi kwamba matokeo yake yanahusu mchanganyiko mmoja kwa kila kiwango, na aondoe katika jedwali thamani za p, yaani namba za kupima kama tofauti ingeweza kutokea kwa bahati tu.