Masomo ya Mtandaoni Nyumbani: Wanayodhani Wazazi na Hali Ilivyo

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, UNESCO ilikadiria kwamba masomo ya wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani yalivurugika, na nyumba nyingi zikageuka madarasa kabla mzazi hajaelezwa kazi yake humo ni ipi. Shule zimekwisha kufunguliwa, lakini masomo ya mtandaoni yamebaki, na pamoja nayo zimebaki dhana zinazomchosha mzazi bila kumfaa mtoto.

Inayowavunja moyo wengi zaidi ni dhana kwamba mzazi asiyelijua somo hana la kusaidia. Ukweli ni kwamba kufundisha kunabaki kuwa kazi ya mwalimu, ilhali mzazi ana nafasi nyingine ambayo haihitaji ujuzi wa aljebra wala kemia: kumwambia mtoto azime skrini, afunge daftari, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichojifunza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi wa chuo kikuu waliorudia kusoma habari fulani na wenzao waliojaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojikumbusha ndio waliobaki na mengi zaidi kichwani. Hapa kutojua kwa mzazi huwa hata faida, kwa sababu anauliza kwa dhati, na mtoto hawezi kuruka hatua kwa kudhani kwamba msikilizaji wake ameshaelewa.

Ndugu wa dhana hiyo, ingawa anatazama upande wa pili, ni imani kwamba mzazi mwema huketi ubavuni mwa mtoto kipindi kizima akimsahihisha. Nakiri kwamba kishawishi hiki ni kikubwa, hasa mtoto anapokwama mbele ya wenzake na jibu lipo ncha ya ulimi wa mzazi. Lakini jibu linalonong'onwa humfikia mwalimu kama jibu la mtoto, naye huendelea na mada inayofuata bila kujua kwamba kuna pengo. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa mtu mzima na jukwaa la wajenzi, ambalo husimamishwa kwa muda na kuondolewa jengo linapojitegemea. Kwa mtoto wa miaka 7 jukwaa hilo laweza kuwa kumfungulia somo na kubaki karibu. Kwa wa miaka 13, kuulizana asubuhi ratiba ya siku na jioni kutazama pamoja kazi zilizotumwa kunaweza kutosha.

Wengine husema, «Huyu simu anaijua kuliko mimi», na hapo mazungumzo huishia. Kujua kucheza na kutazama video si kujua kusoma kwa kifaa. Tathmini ya kimataifa ya ujuzi wa kompyuta na habari (ICILS) ya mwaka 2018, iliyowapima wanafunzi wa darasa la nane, ilibainisha kwamba vijana hawawi mahiri wa teknolojia kwa sababu tu wamekua wakiitumia. Mtoto hufundishwa kuhifadhi faili kwa jina litakaloeleweka baadaye, kutunza nywila, kuzima arifa wakati wa kipindi, na kujiuliza ni nani aliyeandika habari anayotaka kuinukuu. Haya yafanyiwe mazoezi kabla ya muhula kuanza, si dakika 2 kabla ya mtihani.

Kuhusu muda, siku ya shule haihamishiwi kwenye skrini jinsi ilivyo, kwa kuwa shuleni mtoto hutembea, hucheza na hubadilisha mahali. Ushauri unaotolewa sana ni kupumzisha macho kila baada ya dakika 20 kwa kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Usiku kifaa kilale nje ya chumba cha mtoto, maana mwenye umri wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

Na kamera iliyozimwa si lazima iwe utoro: video hula data nyingi kuliko sauti, na si kila nyumba ina kona inayostahili kuonwa na darasa zima. Mwalimu aelezwe mapema.

Kumwandikia mwalimu, kwa kweli, ndiko wazazi wengi wanakokuogopa wakidhani ni kumsumbua. Kinachomsumbua ni ujumbe usiomwonyesha pa kuanzia. «Mtoto haelewi hesabu» humwacha akikisia. «Anaweza kuzidisha sehemu, lakini akifika kwenye kugawanya hajui ni ipi aigeuze» humwezesha kuandaa somo la kesho.