Unga ulioota kuvu si chakula cha mbwa: maswali na majibu

Mbwa na paka wanaweza kula chakula chetu?
Wanaweza, na wengi hapa kwetu wanaishi kwa hicho hicho. Ugali wa unga safi, wali mweupe, yai la kuchemsha, dagaa wasio na chumvi, nyama isiyo na mifupa, boga, karoti: vyote vinafaa. Paka lazima apate nyama au samaki. Ugali mtupu haumtoshi. Chota chakula chao kabla hujaweka chumvi na kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikiungwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo mabaki ya pilau usiwape.

Unga wangu umeota kuvu. Badala ya kuutupa, si bora nimpe mbwa?
Hapana. Mimi ni daktari wa mifugo, na kila msimu wa mvua naletewa mbwa waliopewa unga huo, na wengi wanafika wakiwa hoi. Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mbaya zaidi ni aflatoksini, inayoshambulia ini, na mbwa huathirika nayo upesi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Yameua watu, halafu tunasema mbwa ana tumbo la chuma?

Nikiupika sana je?
Hapana. Moto wa jikoni hauimalizi sumukuvu. Ukiuanika juani, harufu itapungua na sumu itabaki. Ukiuchanganya na unga mzuri, umeharibu na ule mzuri.

Basi niwape kuku au ng'ombe?
Hapana, tafadhali. Kuku na bata wanadhurika, na ng'ombe aliyekula hutoa sumu hiyo kwenye maziwa, ambayo wanao watakunywa. Ufukie shimoni, mahali mbwa hawawezi kufukua. Ndiyo, ni hasara. Ifukie.

Na mifupa, na vya machinjioni?
Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Mapafu na maini mabichi usimpe, na yenye malengelenge ya maji usimpe hata yakipikwa. Humo mna tegu changa anayekomaa ndani ya mbwa. Mtu akimeza mayai yake huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Wafugaji wa Turkana wanaujua vizuri ugonjwa huo.

Chokoleti, zabibu, jojo isiyo na sukari?
Mbwa asiguse hata kimoja.

Nitajuaje kwamba sumukuvu imemdhuru?
Anakataa chakula, ananyong'onyea, anatapika. Baadaye macho na fizi huwa njano, na choo huwa cheusi au chenye damu. Usisubiri njano. Mbwa aliyekula unga wa kuvu na akagoma kula aletwe siku hiyo hiyo.

Nimempa maziwa. Nisubiri hadi kesho?
Hapana, usisubiri. Maziwa hayaondoi sumu. Mafuta ya kula nayo hayaondoi sumu, na ukimnywesha kwa nguvu yanaingia mapafuni, sasa una magonjwa mawili. Naelewa mtu anataka kufanya kitu akiwa nyumbani, lakini hayo maziwa ndiyo yanayompa moyo wa kulala mpaka asubuhi, na usiku huo ini linaendelea kufa. Hakuna dawa ya kuifuta sumukuvu. Tunachofanya ni kumwekea dripu na kulisaidia ini ambalo bado lina uhai. Likishaisha, hatuna la kusaidia.

Unapokuja, beba kiganja cha unga aliokula kwenye mfuko uliofungwa, na uwe tayari kusema ameula tangu lini. Waliokula naye uwalete pia, hata kama bado wanabweka na kukimbia.