Chuma hakiungui, lakini moto hukishinda

Wengi huamini kwamba moto hauwezi kuangusha jengo la nguzo na mihimili ya chuma, kwa kuwa chuma hakiungui wala moto wa kawaida hauwezi kukiyeyusha. Nusu ya hoja hiyo ni kweli: chuma cha ujenzi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,500 hivi za Selsiasi, na moto wa ndani ya jengo kwa kawaida haufiki huko.

Lakini jengo haliwezi kusubiri chuma kiyeyuke. Kikipita nyuzijoto 400 huanza kulegea, na kikikaribia 600 hubakiwa na takribani nusu tu ya nguvu zake. Mhimili uliobeba sakafu bila shida huanza kubonyea. Tena hurefuka: wenye mita 10, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, huongezeka sentimita 6 hivi na kusukuma nguzo za kando. Boriti nene ya mbao huweza kudumu zaidi, maana mkaa wa juu hukinga kiini chake.

Ndiyo maana chuma hufunikwa kwa zege, jasi au rangi inayovimba ikipata joto, ili watu wapate muda wa kutoka. Kubandua kinga hiyo kupitisha bomba, kisha kuacha chuma wazi, ni hatari kubwa.