Noma si ulozi

Hapa Goma, na Bukavu vilevile, shavu la mtoto likianza kuoza watu husema: ametupiwa ulozi. Basi anafichwa ndani, na siku zinapita. Siku hizo ndizo zinazoua.

Noma, ugonjwa huo unaoozesha shavu, inaletwa na bakteria ambao wengi wetu tunao mdomoni. Hupata nguvu mwili ukiishiwa kinga: mtoto wa miaka 2 hadi 6, amekonda, ametoka kuugua surua au malaria. Haiambukizi. Ndugu zake wanaweza kulala naye kitanda kimoja.

Inua mdomo wa mtoto, mchana, penye mwanga. Fizi zimekuwa nyekundu iliyoiva, zinatoka damu zikiguswa kidogo tu, katikati ya meno kuna vidonda vyenye utando wa kijivu, na harufu inakurudisha nyuma? Nenda kituo cha afya leo. Shavu likishavimba, zimebaki siku chache kabla ya doa jeusi, na nyama iliyokufa hairudi.

Dawa zenyewe ni za kawaida: amoksisilini na metronidazoli, kipimo kikifuata uzito wa mtoto. Asukutue kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Majivu au majani yaliyopondwa yasiguse kidonda. Uji mlaini wenye soya, maziwa, sambaza (samaki wadogo) za kusagwa: bila chakula, dawa hazitoshi. Asipotibiwa, hadi watoto 9 kati ya 10 hufa. Akitibiwa mapema, shavu linabaki zima.

Desemba 2023 OMS, Shirika la Afya Duniani, iliiingiza noma kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa.