Kunyoosha diski ya breki ya baiskeli: kipimo kwanza, wenzo baadaye

Diski iliyopinda hukwaruza mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, kisha hunyamaza. Ikikwaruza mfululizo, kalipa (kibanio chenye pedi za breki) haijakaa katikati, na hapo hakuna cha kunyoosha. Hakikisha pia ekseli imekaa vizuri na beringi za habu (sehemu ya katikati ya gurudumu) hazichezi. Gurudumu linaloyumba litakudanganya siku nzima.

Hapa Kampala nyingi ninazoziona zimepindia safarini, baiskeli ikiwa imelazwa kwenye buti la basi upande wa diski chini na mizigo juu yake. Pigo dogo latosha, kwa sababu katika breki nyingi za mafuta nafasi kati ya pedi na diski haifiki nusu milimita kila upande.

Mafundi wengi hukimbilia wenzo, yaani chuma cha kupindia diski. Mimi naona kipimo ndicho chombo chenyewe, maana usipojua diski imeenda upande gani na kwa kiasi gani, utaipinda mahali papya.

Chukua chuma bapa chenye unene wa 3 mm, upana wa 20 mm na urefu wa sentimita 10. Toboa tundu la 6.5 mm karibu na ncha moja, chomelea nati ya M6 (ya bolti yenye kipenyo cha 6 mm) juu yake, kisha pitisha bolti ya M6 yenye urefu wa 50 mm. Ncha ya bolti ipige tupa iwe mviringo ili isikwaruze. Bolti ikilegalega kwenye nati, zungushia nyuzi zake tepu ya mafundi bomba. Funga bapa kwenye foku (uma unaoshika gurudumu) kwa waya wa kufungia, chini yake weka kipande cha tyubu lisiteleze, na bolti iuelekee uso wa diski wima kabisa.

Uzi wa kawaida wa M6 husogea 1 mm kwa mzunguko mzima, kwa hiyo robo mzunguko ni 0.25 mm. Zungusha gurudumu polepole (vidole mbali, diski hukata) huku ukikaza bolti hadi iguse pale palipojitokeza zaidi. Tia alama kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa diski (kipande kinachounganisha ukingo na katikati yake), si pale pedi zinapokamata. Sasa sogeza gurudumu hadi pale palipo mbali zaidi na bolti, kaza tena hadi iguse, ukihesabu robo. Hicho ndicho kipimo cha mpindo.

Kwa wenzo, tafuta chuma cha kawaida cha 5 mm kwa 25 mm, urefu sentimita 20 hadi 25. Vipande hivi havikosekani Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala. Usichukue springi ya lori: ni ngumu, itamaliza meno ya msumeno bure. Funga nyembe mbili za msumeno wa chuma pamoja kwenye fremu moja, meno yakielekea upande mmoja, ukate mfereji wa kina cha 15 mm. Utapata upana wa karibu 2 mm. Sugua ndani kwa msasa uliokunjwa juu ya wembe. Diski mpya nyingi zina unene wa 1.8 mm, kwa hiyo wenzo uingie bila kulazimishwa wala kuchezacheza. Spana malaya yenye meno safi hufaa pia, lakini ni nene, na koleo huacha makovu.

Mpindo mfupi, wa sentimita chache, ukamate kwenye ukingo wenyewe. Ukienea kwenye mikono miwili au mitatu, pinda mikono. Chuma hurudi kama springi, kwa hiyo ukisukuma hadi ulipotaka tu, hakuna kilichobadilika. Lazima upite kidogo. Anza kwa nguvu ya vidole viwili, pima, ongeza. Diski yenye kitovu cha alumini, usiguse mikono yake.

Nusu nzima ya duara ikienda upande mmoja, fungua diski kwanza. Mara nyingi ni kutu au udongo umebanwa kati yake na habu. Rudisha bolti sita za T25 (zenye kichwa cha nyota) ukikaza kwa kuvukana, moja kisha ya upande wa pili, kwa nguvu ya kukaza ya takriban Nm 5. Huna spana ya kipimo? Vuta kwa mizani ya ndoano hadi kilo 5, sentimita 10 kutoka kwenye bolti.

Mpindo wa chini ya 0.2 mm naacha. Breki za waya huvumilia zaidi, ila nyingi husogeza pedi moja tu, kwa hiyo ile isiyosogea iwe karibu kabisa na diski, la sivyo utaikunja diski kila ukishika breki.

Diski inayokwaruza baada ya mteremko mrefu, tuseme kutoka Kapchorwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, iache ipoe ndipo upime. Inayopinda upya kila ikipata moto, au iliyolika chini ya 1.5 mm, hiyo ni ya kubadilisha. Mwisho pangusa kwa spiriti. Tone likikauka kwenye kioo na kuacha doa, spiriti hiyo haifai, tumia maji moto na sabuni ya vyombo.