Idhini za hati ofisini: kaimu kwanza, programu baadaye

Kampuni za kliaring na fowading (za kutoa mizigo bandarini na kuisafirisha) hapa Mombasa hunipigia simu na ombi moja: zinataka programu ya kuondoa karatasi. Mimi huomba kwanza nionyeshwe vocha ya malipo iliyochelewa wiki iliyopita, tuifuate kila ilikopita. Karibu kila mara tunakuta mhasibu aliikagua asubuhi ile ile, hesabu ni sahihi na viambatisho vyote vipo. Kisha ikalala mezani kwa mkurugenzi kwa sababu alisafiri kwenda Nairobi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuidhinisha. Utaratibu huo ukihamishiwa kwenye kompyuta jinsi ulivyo, vocha italala vile vile.

Kwa biashara ya bandari, kulala huko ni hasara. Kontena ikishashushwa bandari ya Kilindini, siku za bure, yaani zisizotozwa chochote, zinaanza kuhesabiwa. Zikiisha, bandari inatoza gharama za stoo na kampuni ya meli inatoza demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena yake, kila siku. Malipo yakikosa idhini Ijumaa adhuhuri, watu wakiwa wamekwenda msikitini, yakasubiri hadi Jumatatu, mwenye mzigo ndiye anayeumia, au wakala anaibeba gharama mwenyewe ili asimpoteze mteja.

Ndiyo maana huwa naanza kwa kumkalisha pamoja mhasibu, mkuu wa operesheni na mwenye kampuni. Tunaandika kila aina ya hati: nani anaomba, nani anakagua, nani anaidhinisha, hadi kiasi gani, na asipokuwepo nani anakaimu. Hapo kwenye kaimu ndipo mabishano yanapozuka. Mtu aliyeijenga kampuni kwa jasho lake haoni rahisi kumwachia mwingine mamlaka ya kulipa, na ana haki. Njia ambayo wengi huikubali ni kumpa kaimu kikomo cha chini, tuseme shilingi 300,000, kwa gharama za bandari na ushuru tu. Malipo ya wasambazaji yamsubiri mwenyewe. Mwidhinishaji asipojibu kwa saa mbili za kazi, ombi linahamia kwa kaimu, na mwenyewe anapata ujumbe papo hapo.

Kikomo nacho kina tundu lake. Aliyepewa mamlaka ya 100,000 akiletewa ankara ya 180,000, inaweza kugawanywa mara mbili, 90,000 asubuhi na 90,000 jioni, na zote zikapita. Kwa hiyo mfumo ujumlishe maombi yote ya msambazaji yule yule ndani ya siku saba, na jumla ikivuka kikomo upeleke ombi ngazi ya juu. Programu nyingi hazifanyi hivyo mpaka uzielekeze.

Pia, hati ikiguswa baada ya kuidhinishwa, idhini ife na safari ianze upya. Hili silipatanishi na mteja yeyote. Hali kadhalika namba ya akaunti ya msambazaji: ikibadilika iwe na njia yake ya idhini, na mtu apige simu kwa namba iliyo kwenye faili tangu zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe inayoomba mabadiliko. Matapeli hupenda kupita mlango huo kuliko mwingine wowote.

Ninachokifurahia zaidi katika kazi hii ni makosa ambayo mashine huyakamata kabla hayajamfikia mtu. Namba ya kontena, kwa kiwango cha ISO 6346, ina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Karani akiandika 7 mahali pa 1, karibu kila mara hesabu haikubali na ombi linarudi kwake hapo hapo, kabla mhasibu hajalifungua. Ankara nayo ikaguliwe kama ni ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Kenya (KRA), kwani tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi na KRA kupunguza kodi ya mapato. Ni afadhali kujua kabla ya kulipa.

Na ombi likikataliwa, sababu iandikwe. "Imekataliwa" peke yake humrudisha karani kwenye kuuliza huku na huku. "Hati ya shehena inasema kontena mbili, ankara inatoza tatu" ni jambo analoweza kulirekebisha kwa dakika kumi.

Wengi huniuliza kama "sawa, lipa" ya WhatsApp haitoshi. Haitoshi, kwa sababu haikufungwa na hati yenyewe. Ujumbe ule hauonyeshi ni ankara ipi, ya kiasi gani, ilikuwa vipi wakati ule, na simu ikipotea kumbukumbu nayo huenda ikapotea. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano. Kuhusu sheria na saini, wateja wasihofu: Kenya inatambua saini za kielektroniki, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya 2020 ilipanua matumizi yake. Kwa idhini ya ndani ya kampuni, kinachotakiwa ni kujulikana nani aliidhinisha nini na lini, kila mtu akiwa na nywila yake. Nywila moja ya ofisi nzima inaharibu yote hayo.

Anza na aina moja ya hati. Mimi huchagua malipo ya bandari, maana ni mengi, yanafanana, na kuchelewa kwake kunaonekana kwenye ankara ya stoo. Mwezi mmoja ukipita, angalia kumbukumbu za mfumo uone maombi yanasimama kwa nani muda mrefu zaidi, kisha ongeza LPO, yaani hati za kuagiza bidhaa kwa wasambazaji. Mikataba iache mwisho, kwa sababu inahitaji wakili aisome, na kumwekea wakili saa mbili za kujibu ni kumlazimisha aidhinishe asichokisoma.