Hiyo Karatasi Haina Mchele

Juzi mwanafunzi kaja darasani na pakiti ya viduara vigumu vinavyoonyesha upande wa pili, kanunua duka la vyakula. "Karatasi ya mchele, mwalimu, kama ulivyosema." Sikusema. Sijawahi kusema. Vile ni vya Wavietnam, vya kukunjia mboga na kamba, na kweli ni unga wa mchele. Alipovipaka gundi vikawa uji juu ya ubao wake. Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka kuwa huyu ni wa nne mwaka huu.

Karatasi ninayofanyia kolaji, yaani picha za vipande vya kubandika, ndiyo hiyo watu huiita ya mchele, lakini jina lake ni xuan, ya wilaya ya Jing, jimbo la Anhui, China. Ufundi wake umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2009. Mti wake ni qingtan: matawi ya miaka miwili mitatu hukatwa, gome likachunwa, likachemshwa, likaanikwa mlimani miezi na miezi mpaka jua na mvua vilifanye jeupe. Gome hilo huchanganywa na mabua ya mpunga. Mabua, jamani, si punje.

Na hapa ndipo ninapopandisha hasira. Mwingereza ana neno lile lile kwa kilichopo shambani, kilichopo guniani na kilichopo sahanini, kwa hiyo akikosea namsamehe. Sisi tuna mpunga, tuna mchele, tuna wali, na bado hatujataja chenga na pumba! Mtu aliyekua akipeta mchele na mama yake anayaitaje mabua mchele? Ukishikilia sana, sema karatasi ya mpunga, nitanyamaza, ingawa utakuwa umeuruka mti, na mti ndio uti wa mgongo. Nyuzi za gome ni ndefu, ndizo zinazoshikana; mabua huleta ulaini. Daraja la juu huwa na gome zaidi.

Wala usiniletee zile picha ndogo walizouziwa wageni Guangzhou karne ya 19, nazo zikaitwa za karatasi ya mchele. Ile si karatasi kabisa. Ni moyo wa shina la mmea uitwao tetrapanax, uliozungushwa kwenye kisu ukatoka utepe mpana. Ukiukunja unakatika.

Mtaniambia jina tu, lina neno gani? Lina neno, kwa sababu kazi yangu yote imo kwenye nyuzi. Chovya brashi majini, chora mstari juu ya xuan, subiri kidogo, vuta taratibu. Ukingo unaota ndevu, nyeupe, laini kama za mzee. Bandika juu ya kipande kingine na zile ndevu zinazama, hujui kipi kimeanzia wapi. Mkasi hauwezi hilo. Liu Kuo-sung, mchoraji wa Taiwan, alitumia karatasi yenye nyuzi nene juu, akaipaka wino, kisha akazing'oa zikaacha mistari myeupe. Jaribu hivyo na unga.

Mengine haraka. Xuan mbichi hunywa wino ukatambaa. Iliyotiwa shabu na gundi huuzuia. Shabu ina asidi, miaka ikipita huidhoofisha karatasi. Gundi ya kubandikia ni wanga wa ngano, uliopikwa mwepesi.

Ila mimi nami si mtakatifu. Kwenye turubai hutumia gundi ya akriliki, maana wanga haunishikii vipande vizito. Wanga unaachia kwa maji, fundi wa kesho anaweza kuubandua. Akriliki haiachii, na sina hakika hata kidogo kazi zangu zitakuwaje baada ya miaka 100. Tena sehemu ya akiba yangu ya karatasi, iliyouzwa kwa jina la xuan, naishuku ni rojo ya mbao na mianzi. Kwa macho sitofautishi. Huilowesha kona nikaivuta, na hata hivyo nimeingizwa mjini mara mbili.

Yule mwanafunzi nimempa karatasi mbili zangu, za sentimita 69 kwa 138. Viduara vilivyobaki tulivilia kamba mchana.